Siku Mwalimu wa Fizikia Alipoposa

Mwalimu Bupe alipowasili katika sekondari ya kata kule Kenyamonta, mkuu wa shule alimpokea kwa furaha, akambebea begi, akamkalisha kitini, kisha akachungulia njia aliyotokea na kumuuliza, "Na huyo mwalimu wa fizikia mmeachana wapi?"

Bupe akamjibu kwamba mwalimu wa fizikia ndiye yeye. Mkuu akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mgeni, akachungulia tena. Maskini, tusimlaumu sana. Kwa miaka miwili alikuwa amemsubiri mwalimu huyo, na kichwani mwake alishampa ndevu, kitambi na miwani. Sasa hakujua amnyoe saa ngapi.

Bupe alikuwa amezoea. Akiwa mtoto kwao Tukuyu alifungua redio ya baba yake ili amwone msomaji wa taarifa ya habari. Hakumkuta. Baba yake hakumchapa, alimwambia tu airudishe ilivyokuwa kabla ya taarifa ya saa mbili. Akairudisha, skrubu chache zikabaki mkononi, na redio ikasema kwa sauti kubwa kuliko zamani. Majirani walikuja kuisikiliza, wakamsifu, halafu wakaulizana mbele yake, "Lakini huyu nani atamwoa?" Swali hilo lilimfuata sekondari, likapanda naye basi hadi chuoni, na alipopangiwa kazi wilaya ya Serengeti likatangulia kufika na kumsubiri.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, shahada yake, nyumba ya vyumba viwili yenye umeme wa jua, na paka. Mume hakuwepo, mtoto hakuwepo. Mimi sioni tatizo lolote hapo, ila mimi sikuulizwa. Waliokuwa wakiulizwa walikuwa wanakijiji, nao walikuwa na mengi ya kusema. Katika idara ya sayansi yeye ndiye alikuwa mwanamke pekee, kwa hiyo kila alipokuja mgeni wa heshima wenzake walisimama kueleza mipango ya idara, naye aliombwa asimame kuleta chai. Siku moja alileta chai na kueleza mipango ya idara papo hapo akiwa ameshika birika. Mgeni alisifu chai.

Sasa, katika shule hiyo alikuwepo msichana mmoja aliyeitwa Waisiko, binti wa Wangwe. Bupe alimgundua siku alipofundisha somo la puli. Maabara ilikuwa bado haijapauliwa, lakini boriti moja imara ilikuwepo. Bupe akafunga kamba na puli zake pale juu, akamwomba mlinzi wa shule, mzee Simioni, akae kwenye kiti kilichofungwa chini. Akauliza nani anaweza kumnyanyua mzee huyu. Wavulana wakacheka, kwa sababu mzee Simioni ni pande la mtu. Waisiko akajitokeza, akaitazama kamba, akazihesabu puli kwa macho, akavuta. Mzee Simioni akapaa. Alipaa taratibu, rungu mkononi, koti likipepea, hadi akawa anaona paa za nyumba za walimu.

"Nishushe, mjukuu wangu!" aliita. "Nimeshaelewa fizikia!"

Kuanzia siku hiyo alihadithia kijiji kizima kwamba binti wa Wangwe alimnyanyua kwa mkono mmoja. Waisiko naye akawa haondoki dirishani kwa mwalimu. Akiulizwa anataka kuwa nani, alisema anataka kuwa mtu anayetengeneza mashine za kupandisha maji, maana amechoka kuyapandisha yeye mwenyewe kichwani.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Waisiko alikuwa amefaulu fizikia na hesabu kuliko msichana yeyote aliyewahi kupita pale. Miezi kadhaa baadaye akachaguliwa kwenda kidato cha tano cha sayansi, shule ya bweni upande wa Tarime. Alitakiwa aripoti mwezi huohuo. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine, na mambo yanaishia hapo.

Na Wangwe akakataa.

Alikataa mbele za watu, kwenye kikao cha wazazi, tena kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. Alisema Tarime ni mbali, na binti aliyekwenda mbali ni binti aliyepotea. Alisema akiondoka yeye, nyumbani maji atachota nani. Halafu akashusha pumzi na kutoa hoja yake kuu. Alisema fizikia ikizidi inakausha kizazi cha mwanamke. Wazazi wakanong'ona. Mkuu wa shule akamuuliza ana ushahidi gani. Wangwe hakujibu kwa maneno, alimgeukia tu Bupe, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akamtazama kwa huruma toka utosini hadi viatuni. Kikao kizima nacho kikamtazama.

Bupe alikwenda nyumbani akamlilia paka wake. Ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haikumuuma. Hakuumia sana kwa ajili ya kizazi, maana hicho ni chake na anajua mwenyewe habari zake. Aliumia kwa sababu alikuwa amefundisha miaka tisa na huyu ndiye msichana wake wa kwanza kuchaguliwa kidato cha tano cha sayansi, na sasa yeye mwenyewe, kwa kukaa tu kwenye kiti, amegeuzwa kuwa sababu ya kumzuia.

Baada ya kulia akanawa uso, akaamua kwenda nyumbani kwa Wangwe.

Hapa ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa adabu. Bupe si mtu wa kukurupuka. Aliuliza kwa wenyeji namna ya kuingia kwenye mji wa mtu na neno zito. Aliambiwa asiende mikono mitupu, na kwamba pale kuna bibi mzee anayeheshimiwa sana, aitwaye Robi. Basi akaenda mjini Mugumu, kwenye duka la Nassib, akanunua sukari, ugoro, na blanketi zito la rangi ya zambarau. Aliambiwa pia kwamba mwanamke hasemi neno kama hilo peke yake, atafute mzee wa kumsemea. Akamfuata mzee Simioni getini.

"Mzee, nataka kwenda kwa Wangwe kwa ajili ya yule binti," akamwambia. "Naomba wewe ndiye unisemee."

Mzee Simioni akamtazama kwa muda mrefu. Akalitazama blanketi. Macho yake yakalowa.

"Mwalimu," akasema, "umefikiri jambo jema. Ile nyumba yako ina ukimya sana. Niachie mimi, nitatangulia kupeleka habari."

Bupe aliona ni jibu la ajabu kidogo, lakini alidhani ndivyo wazee wa huku wanavyosema. Angekuwa mzaliwa wa huko angejua. Wakurya wana desturi yao iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, kama ana uwezo wake, hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume aliyekubaliwa huwa wa nyumba yake, wakalirithi jina na boma, na nyumba isife. Ni ndoa yenye heshima zake na wazee wake. Bupe alikuwa ameisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mkoa mwingine. Hakuwahi kufikiri kwamba itamnyeshea. Lakini mtazame sasa kwa macho ya mzee Simioni: mwanamke ana mshahara, hana mume, hana mtoto, amenunua blanketi la bibi na ugoro wake, ametafuta mzee wa kumsemea, na anakwenda kwenye mji wenye binti wa miaka kumi na tisa. Wewe ungefikiri anakwenda kufundisha puli?

Jumapili wakafika. Wangwe, yuleyule wa kikao, aliwapokea nje ya boma kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," Bupe akasema.

"Aa, marahaba, marahaba! Karibu sana, mwalimu. Na mimi siku ile najiuliza, huyu mama mbona anang'ang'ania hivi? Kumbe ulikuwa na lako!"

"Ni kweli, nilikuwa nalo," Bupe akakiri, akafurahi kwamba mzazi ameelewa moyo wake.

Ndani kulikuwa na wazee kadhaa wamekaa. Bibi Robi, mdogo wa mwili na mkali wa macho, alikuwa kwenye kigoda chake. Bupe akapiga goti, akatoa shikamoo, akamkabidhi ugoro na blanketi. Bibi akalifungua palepale, akajifunika hadi kidevuni, jua likiwa kali kiasi cha kukausha ngozi, wala hakulivua tena. Nje, mbuzi alilia mara moja akanyamaza. Mama Waisiko alipita haraka na sufuria bila kumtazama mgeni usoni.

Mzee Simioni akaanza kusema kwa Kikurya. Alisema kwa muda mrefu, akisimama, akiketi, akimnyooshea Bupe mkono. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kila walipomgeukia, Bupe alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mtu aliyesoma hukaa kwenye kikao kwa adabu. Hivyo ndivyo alivyokubali mambo ambayo mpaka leo hajui yote.

Wangwe akahamia Kiswahili. "Mwalimu, kwenu Tukuyu ng'ombe wapo?"

"Wapo wengi. Baba ana ng'ombe wa maziwa, wale wa kisasa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akapiga mluzi mdogo.

Bupe aliona mazungumzo ya mifugo yametosha, akaingia kwenye hoja zake. Alikuwa amezipanga wiki nzima. "Baba Waisiko, najua ulisema Tarime ni mbali."

"Mbali?" Wangwe akashangaa. "Mbali ni nini? Mtoto wa kike ni wa kwenda! Hata ungemchukua umpeleke Dar es Salaam, mimi nani nikuzuie?"

Bupe hakutegemea ushindi wa haraka hivyo. Akajikohoza. "Na kuhusu maji hapa nyumbani..."

"Maji yatachotwa! Hawa wavulana wangu wana mikono ya nini? Wamekaa tu kama magogo."

"Na ile habari ya fizikia kwamba, samahani, inakausha..."

"Nani alisema hivyo?" Wangwe akafoka, akiwakazia macho wazee kana kwamba mmoja wao ndiye aliyeleta uzushi. "Binti huyu ana kichwa chepesi! Fizikia imemfanya awe hodari. Nasema mbele yenu wote, huyu ni wako, mchukue!"

Nyama ikaletwa. Ilikuwa kichuri, ile supu chungu ya utumbo na nyongo ambayo haipikwi kwa ajili ya mgeni wa kupita njia. Bupe akanywa kwa ujasiri, machozi yakimtoka, huku moyoni akijipongeza. Kumbe watu wanasema bure kwamba wazazi hawa hawaambiliki. Ni kupanga hoja tu, moja baada ya nyingine, kama majaribio ya maabara. Alikuwa tayari akiwaza namna atakavyowaeleza wenzake wa idara njia hii mpya, akiwa ameketi, na wao wakileta chai.

Waisiko akaja na birika na beseni kuwanawisha watu mikono. Alipofika kwa Bupe akainama zaidi ya ilivyohitajika.

"Mwalimu," akanong'ona, "unajua kwamba unanioa?"

Kichuri kikapita njia isiyo yake. Bupe alikohoa mpaka mzee Simioni akampiga mgongoni. Wazee wakafurahi, wakasema furaha imemzidi.

"Wameshafika kwenye ng'ombe wanane," Waisiko akaendelea kunong'ona huku akimmiminia maji yasiyoisha. "Lakini nyamaza tu, mwalimu. Kubali. Nikishafika shuleni utanipa talaka."

Bupe akamtazama. Binti hakuwa akitania. Macho yake yalikuwa yaleyale aliyoitazamia kamba siku ile, ya mtu anayetafuta pa kushika ili avute. Na ukweli ni kwamba Bupe alitamani sana kunyamaza. Lingekuwa jambo rahisi. Angetikisa kichwa mara moja zaidi, na Waisiko angekuwa darasani kabla ya mwezi kwisha. Lakini akafikiria wasichana waliobaki kwenye madawati yake. Watajua kwamba Waisiko hakwenda kwa sababu ya kufaulu, amekwenda kwa sababu ametolewa ng'ombe, na kila mmoja atakaa asubiri mwalimu amuoe. Na hao ng'ombe, jamani, angewatoa wapi, wakati baba yake hampi hata maziwa ya mkopo?

Akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "mnisamehe. Mimi sikuja kuoa. Nilikuja kuomba Waisiko aende kidato cha tano."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mzee Simioni alifunika uso kwa kofia yake.

"Mwalimu," akasema kutoka ndani ya kofia, "sasa blanketi la nini?"

"Niliambiwa nisije mikono mitupu!"

Wangwe alikuwa ameinuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Umekula mbuzi wangu!" akanguruma. "Umeniaibisha mbele ya wazee kwa ajili ya shule? Shule ileile niliyoikataa? Binti haendi popote! Tarime ni mbali! Na maji..."

"Wangwe," akasema Bibi Robi.

Hakupaza sauti. Kichwa chake tu ndicho kilichoonekana juu ya blanketi la zambarau. Wangwe akanyamaza, kwa sababu katika mji ule hakuna anayesema juu ya sauti ya bibi. Yeye ndiye mwenye mji. Miaka mingi iliyopita, akiwa mjane asiye na mtoto, alitoa ng'ombe wake akamwoa mama yake Wangwe, na Wangwe alizaliwa katika nyumba hiyo.

"Sasa hivi umesema Tarime si mbali," bibi akasema. "Ukasema maji watachota wavulana. Ukasema huyu mtoto kichwa chake chepesi. Shuleni ulisema kinyume. Niambie mimi mzee, ulidanganya siku ile au umedanganya leo?"

Wazee wakainamia bakuli zao kwa bidii kubwa.

"Bibi," Wangwe akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "leo kulikuwa na ng'ombe."

"Ee," bibi akaitikia. "Basi kikwazo ni hao tu."

Hakuna aliyecheka. Waisiko alikuwa amesimama mlangoni na birika lake.

"Mimi nilimwoa mama yako kwa sababu nyumba yangu ilikuwa haina mtu," bibi akaendelea. "Usiku nasikiliza tu panya. Nikasema, nikifa mimi, moto huu umekwisha. Huyu mwalimu naye anafundisha hiyo kazi yake peke yake. Nyuma yake hakuna mtu. Simioni hakukosea sana. Amekuja kutafuta mtoto wa nyumba yake, ila nyumba yenyewe ni hiyo fizikia, sijui ni mdudu gani, wala sitaki kuelezwa."

Kwa miaka yote tisa hakuna mtu katika idara, wilayani wala chuoni aliyewahi kumwambia Bupe jambo hilo, na sasa ameambiwa na bibi mwenye ugoro puani.

"Umesema 'mchukue' mbele ya wazee, na nyama tumeshakula," bibi akamaliza. "Neno lililosemwa juu ya nyama halirudishwi. Na blanketi nalo halirudi, lijulikane."

Wiki iliyofuata Wangwe mwenyewe alimsindikiza binti yake hadi stendi ya Mugumu, sanduku likiwa kichwani kwa mmoja wa wale magogo, maana wavulana sasa walikuwa wamepata kazi. Alikuwa amenuna. Alinuna alipopandisha sanduku, akanuna alipomnunulia Waisiko mahindi ya kuchoma, na basi lilipoondoka alilipungia mkono akiwa amenuna hadi likapotea. Kisha akamgeukia Bupe.

"Mkwe," akasema, "akipotea huyo, nitakudai mbuzi."

Tangu siku hiyo Bupe ni mkwe wa Wangwe, na hakuna wa kulibadilisha jina hilo. Akipita sokoni wanamwita mkwe. Mzee mmoja wa kijiji cha pili alikuja getini na binti yake wa kidato cha pili, akamwambia mzee Simioni kwamba amesikia mwalimu anachukua watoto wa watu akawasomesha tu, na huyu wake naye anaziweza hesabu. Mzee Simioni akamwingiza ndani bila kumwuliza maswali, akaenda kutafuta kamba na puli. Swali la zamani bado lipo, watu wa kuliuliza hawajaisha. Siku hizi Bupe akiulizwa ataolewa lini, anajibu kwamba yeye ndiye huoa.

Likizo ya kwanza ilipokaribia, simu yake ililia akiwa ofisini, mbele ya wenzake wa idara na birika la chai. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Waisiko, kwa simu ya matroni.

"Shikamoo mwalimu. Wasichana wa fizikia darasani tuko wanne. Wavulana walicheka mpaka mtihani uliporudi. Nimekuwa wa pili. Ile talaka niliyokuomba, naomba usinipe."

Bupe aliusoma mara ya pili, akacheka, halafu akalia palepale mbele ya watu. Wenzake wakatazamana. Mmoja wao aliinuka, akatafuta kikombe safi, akamletea chai.